Bei ilikuwa kivuli, mwizi hakuwepo

Mhariri,

Salaam kutoka Tanga. Gazeti lenu hunifikia saa tano asubuhi, likiwa limeshasomwa na fundi cherehani jirani yangu na kukunjwa mara nne. Ukurasa wa barua huwa nausoma nimesimama, nikisubiri mashine ya fotokopi ipate moto. Kuandika si desturi yangu. Lakini barua ya yule mfanyabiashara wa Morogoro mliyoichapa wiki mbili zilizopita imenikwama kooni kama mwiba wa changu.

Alieleza kwamba duka lake lina kaunta mbili, kila moja na kompyuta yake, na kwamba mfumo ulipoonyesha upungufu wa fedha kwa mara ya tatu aliwaachisha kazi vijana wawili siku hiyo hiyo, bila kuwasikiliza, kwa kuwa kompyuta haina mjomba.

Mjomba haina, nakubali. Mama inaye. Mama yake ni mtu aliyekesha akiiandikia programu, akasinzia mahali fulani, akaacha kitu pasipo pake. Mimi ni mmoja wa akina mama hao, na nilibakiza kidogo kumkosesha riziki kijana wa watu.

Nina steshenari Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Mchana natoa kopi, napiga chapa barua za kuomba kazi, najaza fomu za mikopo ya wanafunzi. Usiku, watoto wakishalala, naandika programu za maduka. Nilisomea cheti cha kompyuta mwaka mmoja Dar es Salaam. Yaliyobaki nimefundishwa na makosa yangu.

Programu ya kwanza kuniingizia fedha ni ya shemeji, mume wa dada yangu. Ana duka la vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, bati, misumari, rangi. Wateja wake wengi ni mafundi wanaojenga Mwahako, Kange na Pongwe, watu wa kufika na bodaboda na kuondoka na mifuko yao kwenye guta. Programu ina madirisha matatu makubwa, yaani sehemu tatu zinazofunguka kwenye kioo cha kompyuta, kila moja na kazi yake. La mauzo ndilo analokaa nalo kijana wa kaunta tangu saa moja na nusu asubuhi hadi kufunga, halifungwi kutwa. La bei ni la shemeji peke yake, lina neno la siri. La wadaiwa hufunguliwa na kufungwa mara arobaini kwa siku, maana Tanga tunakopeshana.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, shemeji aliingia dukani na habari kwamba saruji imepanda. Akalifungua dirisha la bei juu ya lile la mauzo, akafuta 14,500, akaandika 16,000, akabofya Hifadhi. Programu ikamjibu "Imehifadhiwa". Akachukua shilingi 20,000 kwenye droo za kulipa guta, akaenda zake Kange kupokea mzigo. Jioni akarudi, akafungua ripoti. Mifuko 38 ya saruji imeuzwa kutwa, ripoti inadai 608,000. Kwenye droo, ukirudishia na zile 20,000 zake, fedha za saruji zilikuwa 551,000. Pengo la 57,000.

Shemeji hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimwambia kijana, "Kesho usije, nitakuita." Usiku dada akanipigia simu: "Mdogo wangu, hongera. Programu yako imemkamata mwizi."

Nilifurahi, Mhariri. Sitaficha hilo. Nilifurahi kwa muda wa kama kuosha vyombo vya chakula cha usiku, kisha ile hesabu ikaanza kunikera. Elfu hamsini na saba gawanya kwa 38 ni 1,500 kamili, bila chenji. Mwizi gani huyu anayeiba kwa rula, 1,500 kila mfuko, ambayo ndiyo tofauti ya bei mpya na ya zamani?

Asubuhi nilimfuata kijana kwao Makorora. Ana tabia moja ambayo shemeji alikuwa akimcheka nayo: kila anachouza anakiandika pia kwenye kaunta buku, kwa penseli, mstari mmoja kila mteja. Kompyuta haiamini, na wakati ule sikujua ni kwa kiasi gani alikuwa sahihi. Tuliufungua ukurasa wa Jumanne. Mifuko mitatu, mifuko miwili, mifuko sita, halafu mstari umeandikwa "Bosi guta 20,000", halafu mauzo mengine hadi chini. Juu ya mstari wa bosi mifuko 11. Chini yake mifuko 27. Yote kwa 14,500.

Hapo nikakaa chini kwenye mkeka wa mama yake, nikaomba maji.

Ile mifuko 27 iliuzwa baada ya bei kupanda, lakini kijana aliiuza kwa bei aliyoiona mbele yake. Dirisha la mauzo lilipofunguliwa saa moja na nusu lilichukua orodha ya bei kutoka kwenye hifadhidata, yaani ghala la taarifa zote za duka, likaiweka mfukoni mwake, likakaa nayo. Shemeji alipohifadhi 16,000, hifadhidata ilijua, dirisha la bei lilijua, na lile la mauzo halikuambiwa na mtu. Liliendelea kuuza kwa kivuli.

Natumia neno kivuli kwa sababu ndilo la kazi yangu. Mtu huniletea cheti chake cha kuzaliwa, namtolea vivuli vitatu, kimoja anapeleka shule, kimoja kazini, kimoja anabaki nacho. Mwakani jina la baba likirekebishwa kwenye cheti halisi, vile vivuli vitatu havipati habari. Haviwezi kupata, karatasi ilishaachana na karatasi. Nami mwenye kutoa vivuli kutwa nzima niliandika programu inayogawa vivuli bila mwenyewe kujua.

Wenye kuandika programu wanaijua tofauti hii, ingawa wengi wetu tuliikariri kwa mtihani. Katika lugha ninayoandikia programu, C#, namba ikitoka dirisha moja kwenda jingine hunakiliwa: dirisha la pili linapata namba yake, na ile ya kwanza ikibadilika baadaye, ya pili imebaki ilivyo. Kuna vitu vingine, kwa mfano rekodi nzima ya bidhaa yenye jina, bei na idadi iliyopo stoo, ambavyo havinakiliwi. Kinachotolewa ni rejeo. Rejeo ni maelekezo tu ya mahali kitu kilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kama unavyomwelekeza mgeni: nyumba ya tatu ukipita msikiti, mlango wa kijani. Ukiwaelekeza watu wanne wataingia nyumba ile ile moja, na mkeka ukibadilishwa asubuhi, atakayeingia mchana ataukuta mpya. Mimi nilipaswa kuyapa madirisha yangu maelekezo ya nyumba. Niliyapa picha za sebule.

Ile mifuko 11 ya juu ya mstari ni kosa la pili, na ni kinyume cha la kwanza. Iliuzwa kihalali kwa 14,500 kabla shemeji hajafika. Ripoti yangu haikuwa inahifadhi bei iliyouzwa. Ilihifadhi bidhaa na idadi tu, na jioni ikazidisha idadi kwa bei ya saa hiyo. Hapa nilitoa maelekezo ya nyumba pale ambapo kivuli ndicho kilichotakiwa. Risiti ni kivuli na lazima iwe kivuli: ikishatoka, bei yake haipaswi kutikisika hata saruji ifike elfu thelathini. Kwa hiyo katika zile 57,000, shilingi 40,500 zilikuwa kwa mafundi walioondoka na saruji ya bei nafuu, na 16,500 hazikuwahi kuwepo duniani. Programu ilizizua.

Nilimwendea shemeji na kaunta buku kwapani. Nilianza kumweleza kwa maneno ya darasani, akapiga miayo. Nikaacha, nikachukua karatasi, nikamwandikia bei, nikaitoa kivuli pale pale kwenye mashine yangu ndogo, nikafuta bei kwenye karatasi ya kwanza na kuandika mpya, nikamwekea zote mbili mezani. Akatazama, kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo mwizi ni wewe." Nikamjibu, "Naam, shemeji, ni mimi." Kijana alirudishwa kazini siku ya tatu. Nusu ya zile 40,500 nililipa mimi, na dada hakunipongeza tena.

Kosa nililijua, ila kulitibu kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na haya ndiyo yanayonifanya niamini kwamba mwenzetu wa Morogoro huenda ana programu yenye ugonjwa huu huu, iliyoandikwa na mtu mwenye nia njema kama mimi.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la aibu. Nilitaka dirisha la bei liliambie la mauzo: bei imebadilika, jirekebishe. Nikaandika amri ya kulitengeneza dirisha la mauzo na kulipatia bei mpya. Sikuona kosa lolote, programu haikulalamika, na kwenye kioo hakuna kilichobadilika. Usiku wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kumbe ile amri haikulitafuta dirisha lililo wazi. Ilijenga jingine jipya, lisiloonekana, na kulipatia lile bei mpya vizuri kabisa. Nilikuwa nabisha hodi kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe dakika ile ile, na mwenyeji ninayemtaka yuko mtaa wa pili. Kila mwanafunzi wa madirisha hupitia hapo. Ukitaka kusema na dirisha lililo wazi, lazima uwe na rejeo lake, na rejeo hilo ulipewa lilipofunguliwa. Kama hukulitunza, limekupotea.

Nikaamua madirisha yasisemezane kabisa. Nikatengeneza rekodi moja ya kila bidhaa, mahali pamoja, na kila dirisha likapewa rejeo la rekodi ile likifunguliwa. Nikajaribu: nikabadilisha bei ya misumari kwenye dirisha moja, nikauza kwenye jingine, risiti ikatoka na bei mpya. Nikalala usingizi mzito. Baada ya wiki moja shemeji akapandisha saruji tena, kutoka 16,000 hadi 16,500, na saa hiyo hiyo fundi mmoja wa Mwahako anunua mifuko kumi. Kijana ana desturi ya kumgeuzia mteja kioo ajionee. Kioo kinasema 16,000. Risiti ikatoka 165,000.

Fundi akasema, "Kijana, mimi nalipa kilichoandikwa kwenye kioo." Kijana akasema risiti ndiyo sahihi. Fundi akasema basi hicho kioo cha nini. Wakaitana majina. Watu waliokuwa wakinunua vitasa wakaacha vitasa. Shemeji alinipigia simu, akaiweka tu karibu na kaunta nisikie mwenyewe.

Sikuwa nimefikiria kwamba maandishi kwenye kioo nayo ni kivuli. Rekodi ilikuwa moja, sawa, na hesabu ilifanywa kwa bei halisi. Lakini yale maandishi "16,000" yalichorwa asubuhi dirisha lilipofunguliwa, na mchoro haujichori upya eti kwa sababu kitu ulichokichora kimebadilika. Lazima dirisha lishtuliwe. Wahenga walisema la mgambo likilia lina jambo, na hivyo ndivyo inavyofanyika: rekodi ya bidhaa inapobadilishwa bei inapiga mbiu, na kila dirisha lililojiandikisha kusikia linajichora upya. Rekodi haihitaji kujua ni madirisha mangapi, wala yanaonyesha nini.

Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta yoyote iliyopo Tanga. Mwaka 1979 Mnorwei mmoja, Trygve Reenskaug, alipokuwa mgeni kwenye kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko California, aliandika kwamba kitu chenyewe kitenganishwe na mionekano yake: kitu kimoja, mionekano mingi, na kitu kikibadilika mionekano yote iarifiwe. Hiyo ni miaka sita kabla Microsoft hawajatoa Windows ya kwanza, 1985. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, maana mimi nimelifikia kwa kutukanwa na fundi.

Rafiki yangu mmoja wa Chumbageni, naye mwandishi wa programu, alinicheka kwa sababu nyingine. "Dada, unajitesa," akasema. "Weka kila kitu mahali pa wazi, kila dirisha lichukue linachotaka. Umemaliza." Nami kwa uchovu nikafanya hivyo, siyo kwa bei tu, hata kwa jina la mteja anayehudumiwa. Mahali pamoja pa wazi, pameandikwa: mteja wa sasa.

Sasa sikiliza. Kijana anamhudumia fundi anayekopa bati 12. Fundi anatoka nje kupiga simu. Kijana, asimcheleweshe mtu, anafungua dirisha la pili la mauzo na kumhudumia mama mmoja mtu mzima aliyetaka misumari nusu kilo; anaandika jina lake. Fundi anarudi, kijana anarudi kwenye dirisha la kwanza, anabofya Kopesha. Mteja wa sasa ni nani? Yule mama. Wiki mbili baadaye anakuja kununua kitasa na anaambiwa ana deni la bati 12. Alivua miwani, akasema, "Wanangu, nyumba yangu ya makuti. Hizo bati nimeziezeka wapi?"

Kwa hiyo ushauri wa kuweka kila kitu wazi siuungi mkono, ingawa rafiki yangu bado anautumia na bado tunakunywa kahawa pamoja. Bei ya saruji ni ya duka zima, yafaa iwe moja. Mteja wa dirisha hili ni wa dirisha hili. Lifungue dirisha ukilipatia linachohitaji, mlangoni, mkononi, wala usiliache lizunguke ukumbini kuokota. Nikiisoma programu baada ya miezi sita nataka kuona kwenye mstari mmoja tu kwamba dirisha la deni limepewa mteja fulani na orodha fulani, basi.

Kuna na hili la kitufe cha Ghairi, ambalo nitalipita haraka. Shemeji akifungua bei, akaandika 17,000, kisha akabadili mawazo na kubofya Ghairi, bei isibadilike. Ukilipatia dirisha la bei rekodi halisi ikaandikwa moja kwa moja, kila herufi anayoandika tayari imefika kwa muuzaji. Kwa nukta moja saruji inauzwa shilingi 1, nukta inayofuata 17. Hapo kivuli ni halali: mpe rasimu aichafue, akibofya Hifadhi ndipo halisi iguswe. Mtu akinidai kanuni moja ya kutumia kila mahali, sina. Kila kitu nakiuliza kivyake.

Na kulikuwa na uzito wa alasiri. Kompyuta ya duka ni ya mezani, ilinunuliwa imeshatumika, ina kumbukumbu ya GB 2. Asubuhi inakimbia, ikifika saa tisa inatembea kama punda aliyebebeshwa mawe. Nilidhani vumbi. Kumbe ni lile dirisha la wadaiwa. Kila likifunguliwa lilijiandikisha kusikia mbiu, na likifungwa halikujiondoa. Mwenye kupiga mbiu alikuwa bado na rejeo lake, na kwa hiyo kompyuta haikuthubutu kulifuta, kwa kuwa kitu chenye mtu anayekirejea hakihesabiwi takataka. Madirisha arobaini yaliyofungwa machoni yalikuwa hai kumbukumbuni, yote yakijichora upya kila bei ikibadilika, gizani, bila mtazamaji. Ni kama mgeni aliyeaga tangu asubuhi na jina lake bado lipo kwenye hesabu ya wali. Mstari mmoja wa kujiondoa wakati wa kufunga, na punda akapata nafuu.

Narudi kwa mfanyabiashara wetu. Yeye ameandika kwamba ana kompyuta mbili, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Yote niliyoyaeleza ni ya madirisha yaliyo ndani ya programu moja, kwenye mashine moja. Rejeo halivuki waya. Maelekezo ya nyumba yangu hayana maana katika mji mwingine. Nyumba ya tatu ukipita msikiti, msikiti upi? Kompyuta ya kaunta ya pili ina kumbukumbu yake, na chochote inachojua kuhusu bei ni kivuli tangu mwanzo, hata mwandishi wake awe hodari namna gani. Hapo dawa ni nyingine. Kaunta iulize hifadhidata upya kabla ya kukamilisha kila uuzaji, na kila bei iwe na namba ya toleo, inayopanda kila bei ikibadilishwa, ili kaunta iliyoshika toleo la 4 wakati hifadhidata iko toleo la 5 isimamishwe na kuonyeshwa bei mpya kabla risiti haijatoka. Kama aliyemwandikia programu hakuweka kitu cha namna hiyo, basi kila siku bei inapobadilishwa kwenye mashine moja, ile nyingine inaendelea na ya jana mpaka mtu aifunge na kuifungua.

Upungufu wake ulitokea mara tatu. Ningependa kujua kama siku hizo tatu zilikuwa siku alizobadilisha bei. Anayo ripoti, atazame. Na kama vijana wale wawili wana kaunta buku, au hata vipande vya boksi walivyoandikia, awaombe avione.

Jaribio lenyewe halihitaji mtaalamu. Asubuhi, duka likiwa halina watu, afungue dirisha la mauzo kwenye kaunta zote mbili na asiyaguse. Afungue la bei kwenye moja, aongeze shilingi 100 kwenye bidhaa ndogo, tuseme kitasa, ahifadhi. Kisha atazame tu, bila kufunga wala kufungua chochote: maandishi yamebadilika kwenye kaunta ya kwanza? Na ya pili? Auze kitasa kimoja kila kaunta, asome risiti, si kioo. Halafu apandishe bei mara ya pili na achapishe tena zile risiti za mwanzo. Zikitoka na bei mpya, ripoti zake zote za miezi iliyopita hazifai kumhukumu mtu.

Sisemi vijana wake ni malaika. Siwajui. Wizi wa kaunta upo, hata hapa kwetu, na kuna duka moja niliandikia programu ambayo ilimkamata mtu kwelikweli, akakiri. Lakini yule pesa zake hazikugawanyika kwa tofauti ya bei zikatoka kamili.

Kijana wa shemeji yupo kazini, ni mwaka wa pili sasa. Bado anaandika kwa penseli. Siku hizi shemeji ndiye anayemnunulia kaunta buku, na kila Jumamosi jioni wanaketi wawili, mmoja anasoma kwenye kioo, mwingine anafuata kwa kidole kwenye mstari. Ikitofautiana hata shilingi mia, simu inakuja kwangu, haiendi kwa mtu mwingine.

Ndugu huyo wa Morogoro akiona hayo majaribio hayaeleweki, anaweza kuniandikia kupitia kwako, Mhariri, unayo anwani yangu. Au kama ana safari ya Tanga, aje na nakala ya programu yake. Nitaitazama bure. Kopi tu ndizo ninazotoza.

Mwenye steshenari,
Ngamiani, Tanga.